Triathloni si Ironman peke yake: kwa nini watu wa kawaida huingia, na kwa nini wengi hawatoki

Picha huwa ni ileile: mtu aliyelowa jasho na chumvi, medali shingoni, na juu yake neno moja, Ironman. Chini ya picha maoni yanamiminika. Kuna anayeamini kwamba kila triathloni ni kilomita 180 za baiskeli na marathoni juu yake. Kuna anayeuliza mtu mwenye kazi, watoto na marejesho ya mkopo amekosa nini hadi alipe kiingilio ili akachoke. Agosti 2022 mashindano ya Ironman 70.3 yalipofika Rubavu, mji wa Rwanda ulio ukingoni mwa Ziwa Kivu, jirani kabisa na Goma, maswali haya yalisogea karibu nasi. Swali la kiingilio ni zuri kuliko linavyosikika, ila halijibiki kabla ya kunyoosha lile la urefu.

Triathloni ni shindano moja lenye sehemu tatu zinazofuatana: kuogelea, baiskeli, kukimbia. Saa huanza kuhesabu unapoingia majini na haisimami mpaka uvuke mstari wa mwisho, hivyo hata muda wa kufunga kamba za viatu unahesabiwa. Eneo la kubadilishia vifaa huitwa kituo cha mpito. Kanuni moja ya humo huwanasa wageni wengi: kofia ngumu ivaliwe na kufungwa kifungo chake kabla hujaiondoa baiskeli mahali ilipoegeshwa. Ukitanguliza baiskeli, unaadhibiwa.

Ironman ni jina la kibiashara la kampuni inayoandaa mashindano, wala si jina la mchezo. Tunafanya kosa lilelile la kuita kila dawa ya meno Colgate. Wengi huanzia umbali mfupi unaoitwa sprinti: mita 750 majini, kilomita 20 kwa baiskeli na kilomita 5 kwa miguu. Umbali wa Olimpiki ni mara mbili yake barabara, yaani kilomita 1.5, 40 na 10. Umbali wa kati ni kilomita 1.9, 90 na 21.1, na hiyo ndiyo Ironman 70.3, namba hiyo ni jumla ya maili, sawa na kilomita 113 hivi. Kisha kuna ule mrefu wa kwenye picha: 3.8, 180 na 42.2, ambao kwa kawaida mshiriki hupewa saa 17 kuumaliza.

Mtu mwenye afya ya kawaida aliyejiandaa miezi mitatu humaliza sprinti kati ya saa moja na dakika ishirini na saa mbili. Ni muda wa mechi moja ya mpira, mapumziko yakiwemo. Ukilishika hilo, nusu ya mshangao inaondoka.

Mchezo wenyewe ulizaliwa mikononi mwa watu wa ridhaa, yaani wanaocheza bila kuishi kwa mshahara wa mchezo. Septemba 25, 1974, klabu ya riadha ya San Diego, Marekani, iliandaa shindano la jioni pale Mission Bay ili kuwachangamsha wakimbiaji wake, na wakajitokeza watu 46. Ironman ya kwanza, Februari 1978 kisiwani Oahu, Hawaii, ilitokana na ubishi wa nani ana pumzi zaidi kati ya mwogeleaji, mwendesha baiskeli na mkimbiaji. Walianza 15, wakamaliza 12. Olimpiki iliupokea mchezo huu Sydney mwaka 2000, ukiwa tayari na zaidi ya robo karne.

Mafiga matatu

Chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Figa moja likiwa fupi, mawili mengine hata yawe imara namna gani, mchuzi utamwagika. Triathloni iko hivyo. Mkimbiaji hodari ambaye kuogelea kwake ni kupigana na maji atatoka majini moyo ukienda mbio, atapanda baiskeli akiwa ameshatumia nguvu alizopaswa kuzitunza, na atafika kwenye mbio, sehemu anayoijua kuliko zote, miguu ikiwa imeishiwa nguvu.

Hapo pia ndipo penye jibu la swali la kila kijiwe: kama Afrika Mashariki inatamba kwenye mbio ndefu, mbona haitambi huku? Katika mashindano ya Olimpiki waendesha baiskeli wanaruhusiwa kufuatana kwa karibu, na anayejificha nyuma ya mwenzake hukingwa upepo na kuokoa nguvu nyingi. Anayechelewa kutoka majini hata dakika moja hulikosa kundi, huendesha peke yake dhidi ya upepo, na mbio zinapoanza wenzake wako mbali na wana miguu yenye uhai. Kasi ya kukimbia haiwezi kurudisha kilichopotea majini. Mabwawa ya kuogelea yenye walimu yangekuwa mengi kama viwanja vya mpira, hadithi ingekuwa nyingine.

Kwa watu wa ridhaa mambo ni tofauti kidogo. Katika mashindano yao mengi kufuatana hakuruhusiwi: unatakiwa kuacha nafasi ya mita 10 hadi 12 nyuma ya baiskeli iliyo mbele, kutegemea urefu wa shindano. Kila mtu anakula upepo wake.

Mlango wa kuingilia huwa ni goti

Mlango mkubwa ni maumivu. Kila mguu unapotua katika kukimbia hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na kilomita 5 zina hatua kama 5,000. Mtu wa miaka 38 aliyeanza na klabu ya jogging, akapanda hadi nusu marathoni, akaongeza kilomita haraka kuliko mifupa na kano zilivyoweza kuzoea, hufika siku goti au ugoko unagoma. Anaambiwa apumzike kukimbia. Moyo na mapafu yake viko tayari, miguu haiko tayari, naye ameshazoea kuamka alfajiri. Baiskeli na maji vinampa kazi ileile ya moyo bila kishindo cha ardhi. Anakwenda kwenye bwawa kujitibu, na anakuta mchezo.

Wengine huingia kwa sababu daktari ametaja shinikizo la damu au sukari, wengine kwa sababu rafiki amewavuta. Na wapo ambao walikua wakiogopa maji, na siku moja wakaamua hofu hiyo iishe. Hao, akitokea mwalimu mvumilivu, ndio wanaodumu kuliko wote.

Kinachowabakisha

Watu hudhani kinachowabakisha ni medali. Medali hupatikana mara moja au mbili kwa mwaka. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kumtoa mtu kitandani saa kumi na moja alfajiri siku ya Jumanne. Kinachomtoa ni kwamba katika sehemu tatu daima kuna moja ambayo bado hajaiweza, na wiki hii ameisogeza kidogo.

Angalia mtu aliyekimbia kwa miaka kumi. Maendeleo yake sasa ni sekunde chache kwa mwaka, na miaka mingine hakuna kabisa. Mtu huyohuyo akiingia majini anakuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Maji yana uzito wa kama mara 800 ya hewa, kwa hiyo makosa madogo ya umbo yanagharimu kuliko upungufu wa pumzi. Kosa la kwanza ni kubana pumzi. Anayebana pumzi uso ukiwa majini hulazimika kuitoa na kuivuta kwa pamoja anapogeuza kichwa. Muda hautoshi, hewa chafu inabaki kifuani, na baada ya mita 25 anahema kana kwamba amekimbizwa. Dawa ni kutoa mapovu mfululizo uso ukiwa chini, ili ukigeuka kazi ibaki kuvuta tu.

Kosa la pili ni kuinua kichwa. Mwili majini ni kama ngalawa: ukiinua omo, tezi inazama. Nyonga zikizama unasukuma maji kwa kifua badala ya kuyapasua. Uso uangalie chini, shingo ilegee, na mwili mzima ubingirie upande unapotaka hewa. Kosa la tatu ni kupiga mateke makubwa kuanzia magotini, yanayomaliza mapaja ambayo baiskeli inayasubiri.

Mtu anayeelea na kuogelea kidogo anaweza kuanza na mita 25 mara 12, akipumzika sekunde 20 kati ya kila moja, mara mbili au tatu kwa wiki. Kwa kawaida wiki ya nne hivi mita 100 mfululizo zinawezekana, na kati ya wiki ya kumi na ya kumi na mbili mita 750 zinatimia, ambazo ni urefu wa bwawa la mita 25 mara 30. Asiyejua kabisa ajipe miezi mitatu hadi sita na mwalimu. Mtu mzima anayetoka kuogopa kina hadi kuvuka mita 750 amepata kitu ambacho mbio za barabarani haziwezi tena kumpa. Ndiyo maana akipona goti harudi alikotoka.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wameeleza kwa miaka mingi kwamba binadamu hudumu katika jambo linalompa mambo matatu: kujiamulia mwenyewe, kujiona anaweza zaidi ya jana, na kuwa karibu na watu. Triathloni ya ridhaa inayo yote. Ratiba ni yako. Kipimo ni chako. Na kuhusu watu, hakuna anayeogelea baharini peke yake wala anayependa kupata pancha kilomita 30 kutoka nyumbani bila mwenzake mwenye pampu.

Mpangilio wa makundi ya umri nao una nguvu ambayo mtu wa nje haioni. Washiriki hupangwa kwa miaka mitano mitano, kwa umri utakaokuwa nao Desemba 31 ya mwaka huo. Mtu anayetimiza miaka 50 anahamia kundi jipya akiwa mdogo kuliko wote humo, na wengi huisubiri siku hiyo kwa hamu. Ni michezo michache inayomfanya mtu afurahie kuzeeka. Mtawa Mkatoliki wa Marekani, Madonna Buder, alimaliza Ironman kamili ya Kanada mwaka 2012 akiwa na miaka 82. Hiromu Inada wa Japani alianza kuogelea baada ya kustaafu akiwa na miaka 60, akafanya triathloni yake ya kwanza akiwa na 70, na mwaka 2018 akamaliza Ironman ya dunia huko Kona, Hawaii, akiwa na 85.

Wiki ya kawaida inavyokuwa

Kwa sprinti, saa tano hadi sita kwa wiki zinatosha: kuogelea mara mbili, baiskeli mara mbili, kukimbia mara mbili, na siku moja ya kupumzika kabisa. Kosa la karibu kila mgeni ni kufanya kila zoezi kwa nguvu. Katika kila saa tano, nne ziwe za mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa kuongea, punguza, hata kama bibi anakupita. Mazoezi mepesi ndiyo yanayojenga mishipa midogo ya damu na kuuzoesha mwili kuchoma mafuta. Makali yanaongezwa juu ya msingi huo.

Zoezi moja halipatikani katika michezo mingi: kuunganisha baiskeli na mbio. Endesha dakika 40, teremka, badili viatu, kimbia dakika 10 papo hapo. Mara ya kwanza miguu itakuwa kama magogo. Miguu imekuwa ikizungusha pedali nyonga zikiwa zimekunjwa, na ubongo bado unatuma mdundo wa pedali. Piga hatua fupi za haraka kwa kilomita ya kwanza wala usitafute kasi yako ya kawaida. Ukirudia mara moja kwa wiki, baada ya wiki kadhaa ugeni huo unapungua sana.

Baiskeli ya mamilioni si sharti. Baiskeli ya milimani iliyo nzima inatosha kwa sprinti ya kwanza. Yenye faida kubwa ni mambo mawili ambayo fundi yeyote wa mtaani anaweza kukusaidia. Kwanza badilisha tairi zenye meno uweke laini, na upepo uwe ndani ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi legevu hunyonya nguvu katika kila mzunguko. Pili rekebisha kiti: ukikaa na kuweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudi kukanyaga kwa mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, kama inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini mno, goti linauma kwa mbele. Kikiwa juu mno, nyonga zinayumba na maumivu yanahamia nyuma ya goti. Tumia gia itakayokuruhusu kuzungusha pedali mara 80 hadi 90 kwa dakika. Wengi wetu tumezoea gia nzito na mzunguko wa polepole, na hiyo hula mapaja kabla ya mbio.

Vazi la mpira la kuogelea unaloliona kwenye video za Ulaya ni la maji baridi. Katika joto la Bahari ya Hindi upande wetu halihitajiki, na mashindano mengi hulikataza maji yakizidi nyuzi 22 hadi 24 na nusu hivi, kutegemea umbali na mwandaaji. Kwa wanawake wanaojistiri, kanuni za shirikisho la dunia zinaruhusu kufunika mwili wote isipokuwa uso, viganja na nyayo. Muhimu ni kumuuliza mwandaaji mapema kuhusu aina ya kitambaa, kwa sababu vazi linalonyonya maji ni mzigo na ni hatari.

Chakula nacho kinazungukwa na maneno mengi. Kwa sprinti, uji au mkate na chai saa mbili au tatu kabla, na maji kidogo njiani, vinatosha. Shindano likipita saa mbili ndipo hesabu inaanza: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama gramu 25, na tende ndogo nne au tano hukaribia hapo. Jaribu mazoezini kwanza, maana tumbo nalo hufundishwa. Na usinywe maji kupita kiu kwa kuogopa jua: maji mengi mno bila chumvi huishusha chumvi ya damu, na dalili zake, kichefuchefu, kuumwa kichwa, kuchanganyikiwa, hufanana na za kuishiwa maji. Mtu hunyweshwa zaidi akidhaniwa anasaidiwa.

Majini ndipo pa kuogopa, na kwa sababu nzuri

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulihesabu vifo na matukio ya moyo kusimama katika triathloni za nchi hiyo tangu 1985: 135, na theluthi mbili yalitokea katika kuogelea. Ukilinganisha na mamilioni ya walioshiriki ni machache, lakini yanasema kitu. Wanaume waliopita miaka 40 ndio waliokuwa hatarini zaidi. Mwenye umri huo, mwenye presha, au aliyewahi kuumwa kifua akijitahidi, amwone daktari kabla ya kulipa kiingilio.

Hofu ya ghafla majini ni ya kawaida hata kwa anayeweza bwawani. Hakuna mstari chini, hakuna ukuta, mikono ya wengine inakugusa. Simama pembeni au nyuma ya kundi, anza taratibu mita 100 za kwanza, na ukibanwa geuka chali uelee hadi pumzi irudi, au inua mkono mlinzi akuone. Ili usipotee, kila baada ya mipigo sita hadi minane ya mikono inua macho tu juu ya maji kama mamba, ulione boya, kisha geuza kichwa uvute hewa.

Anayefanya mazoezi pwani asome maji kabla ya kuingia. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa na kupwa kwa nguvu na mkondo huweza kumshinda mwogeleaji mzuri. Siku za maji mafu ni salama zaidi kwa mgeni. Waulize wavuvi wa hapo, wanajua mlango wa mkondo ulipo. Ziwa Victoria lina kichocho katika sehemu nyingi za kando, na pengine mamba na viboko, kwa hiyo si kila ufuko unaovutia unafaa.

Wanaoacha

Wapo wengi, na sababu zao zinafanana. Anayejiandikisha Ironman kamili katika mwaka wake wa kwanza huhitaji saa 10 hadi 15 za mazoezi kwa wiki kwa miezi mingi. Anaiba usingizi, kisha anaiba Jumapili za familia, na hata akimaliza anakuwa ameshauchukia mchezo. Mwingine hununua vifaa vyote mwezi wa kwanza, halafu kiingilio, nauli na hoteli ya shindano la mbali vinamshinda. Mwingine hutishika majini mara moja na hapati mtu wa kumrudisha polepole. Walio na mwenzi anayejua ratiba ya wiki, aliyekubaliana nayo kabla, hudumu. Hili halimo kwenye mipango ya mazoezi inayouzwa, na lingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza.

Asiyejua kuogelea bado hana haja ya kusubiri. Mashindano mengi huruhusu timu ya watu watatu, kila mmoja na sehemu yake. Mkanda wenye chipu ya kuhesabu muda hufungwa kwenye kifundo cha mguu. Mwogeleaji hukimbia hadi kituo cha mpito, mwenye baiskeli huuvua na kujifunga, na mwishowe unamfikia mkimbiaji aliyekaa hapo zaidi ya saa nzima. Katika saa hiyo anawaona wote wakitoka majini mmoja mmoja: vijana kwanza, halafu wa makamo, halafu wenye mvi, na mara nyingi mtu wa mwisho kabisa, akisindikizwa na mtumbwi wa walinzi, ndiye anayepigiwa makofi kuliko wote.